Bendi Iliyopiga Imekaa

Temeke,
Dar es Salaam,
12 Agosti 1973.

Kaka yangu Anselmo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda na mtoto amelala mapajani, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usinicheke. Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie mjukuu wake ni mzima, ananyonya kama ana deni, na tumemwita Filomena kwa jina lake, ingawa kwa mdomo mkubwa alio nao amemfuata mwingine, na huyo mwingine ndiye anayekuandikia. Kasimiri naye hajambo. Anawasalimu wote, ila hawezi kushika kalamu leo kwa sababu viganja vimejaa malengelenge, na sababu ya malengelenge hayo utaijua ukifika mwisho.

Barua yako ya mwezi wa Mei ilinifikia. Nimefurahi kusikia mmepewa kiwanja kipya kando ya barabara, na kwamba cherehani chako hakikupata hata mkwaruzo wakati wa kuhama. Mama mwambie aache kwenda kuchuma mboga kwenye kiwanja cha zamani, maana ulivyoniandikia ni kama vile yeye amehama na moyo wake umekataa kupanda mkokoteni. Mwili wako je? Kile kifua cha baridi kimekuacha? Mafuta ya karafuu niliyokutumia uyapake, usiyaweke kabatini kama sanamu ya Bikira Maria.

Mwishoni mwa barua ile uliniuliza swali, na uliliuliza kwa adabu yako ile ya kuudhi. Ulisema, "Na shemeji Kasimiri, bado yuko na lile gitaa, au amepata kazi?" Nililisoma swali hilo nikakasirika kutwa nzima. Nilikasirika kwa sababu wakati ule sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na nimeharakisha kuliandika kwa sababu kuna jambo litakalokufikieni huko kwa redio mwezi ujao, nami sitaki likufikie kwa redio kabla ya kukufikia kwangu. Kwa hiyo kaa vizuri, usome taratibu, na usiruke kurasa kama unavyoruka masomo ya Jumapili.

Unajua jinsi tulivyoanza, lakini hujui yote. Kasimiri na binamu yake Marselino walikuwa wakichonga vinyago kwenye kibanda cha makuti hapa Temeke. Wilbert, kuli wa bandarini Kurasini, akawa anakuja kupiga soga nao baada ya kazi, na akikaa tu anaanza kugonga magogo yao kwa mpini wa patasi, mpaka wakamwambia kama hawezi kutulia basi atafute ngoma. Akatafuta ngoma. Mimi waliniingiza kwa sababu mbili: nilikuwa nikiimba kwaya, na nilikuwa mke wa kiongozi. Ile ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu. Tukajiita Umande Jazz, jina alilolichagua Kasimiri kwa kukumbuka asubuhi za huko nyumbani, miguu ikilowa kabla hujafika shambani.

Magitaa yetu mawili ya umeme tulipewa na Mzee Hamoud, mwenye duka la jirani, ambaye mpwa wake aliyaacha stoo alipohamia Tanga. Yalikuwa mabovu. Nyaya nzima, na zile sumaku zake za kunasa sauti nzima, lakini mbao zake zilikuwa zimevimba kwa mvua na kupasuka. Mzee Hamoud alitupa pia ua wake wa nyuma tufanyie mazoezi, kwa sharti moja kwamba wakati wa sala tunyamaze, na sharti hilo tumelishika mpaka leo. Basi zilitakiwa mbao mpya. Mafundi wote wa Keko walimshauri Kasimiri atumie mninga, ni mwepesi na unaitika. Marselino naye alimshauri. Mimi nilimshauri, ingawa sikujua mninga ni nini wala mkangazi ni nini. Mume wangu akajibu kwamba babu yake hakuwahi kutia tezo kwenye mninga, na kwamba mti wa mtu anayejiheshimu ni mpingo, miti mingine yote ni kuni.

Kaka, akayachonga magitaa kwa mpingo. Solo na besi, yote mawili. Yalitoka mazuri mno, meusi, yanang'aa, watu walikuwa wanapita kibandani kuyashika tu. Hapakuwa na bendi Dar es Salaam nzima yenye vyombo vya kupendeza vile. Lakini mpingo unaujua wewe, ukiutupa majini unazama. Siku ya kwanza tulipopanda jukwaani, Marselino alianza wimbo wa kwanza amesimama wima kama askari, wimbo wa pili ameinama kidogo, na wimbo wa tatu alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Mkanda ulimchubua bega mpaka shati likaingia damu. Jumapili iliyofuata walipiga wamekaa kwenye vigoda. Nilidhani ni kwa siku ile tu. Ikawa miaka.

Sitakuficha jinsi tulivyochekwa. Bendi nyingine wapigaji wake wanaruka, wanarusha gitaa nyuma ya shingo, wanacheza mguu mmoja hewani, na watu wanalipa kiingilio kwenda kuona hayo. Sisi tulikuwa tumepangana pale juu kama watu waliokuja hospitali asubuhi wakakuta daktari hajafika. Jina letu kwenye matangazo lilikuwa Umande Jazz, lakini mitaani tulikuwa Bendi ya Kliniki. Vijana wa Kinondoni walikuwa wakituuliza kwa sauti kama namba zetu zimeshaitwa. Tulialikwa kupiga mchana, jua likiwaka, kupasha ukumbi moto kabla bendi kubwa haijafika, na bendi kubwa ikifika tulikuwa tunahamishwa pamoja na vigoda vyetu. Wimbo wangu mmoja, ule nilioutunga kuhusu mama kuvuka mto Lukuledi, ulipendwa na wapishi wa nyuma ya ukumbi. Walikuwa wanautaka kila Jumapili. Mbele ya ukumbi hakuna aliyejua kama una maneno.

Na tulikosa kitu kimoja kikubwa zaidi ya miguu ya kusimama. Huku mjini bendi haihesabiwi kuwa bendi mpaka iwe na mtindo. Mtindo ni uchezaji wake wenyewe, wenye jina lake, na mashabiki wakilisikia jina hilo wanajua mguu uende wapi na kiuno kifanye nini. Sayari Jazz ya Kinondoni wana wao, wanauita Tikisa Paa, na kweli paa linatikisika. Mtangazaji akitaka kukutaja anauliza kwanza mtindo wako. Sisi tukiulizwa tulikuwa tunatazamana. Kasimiri alijaribu kubuni mitindo, akawa anatuonyesha uani kwa Mzee Hamoud, na Bi Nunu, mke wa Mzee, akawa anacheka nyuma ya pazia la mlango mpaka tunasikia bangili. Kasimiri ni fundi wa mikono. Toka kiunoni kwenda chini Mungu hakumpa haraka yoyote.

Mwezi wa Juni likaja tangazo. Shirika moja la umma lilikuwa linatafuta bendi ya kuwa yake. Wapigaji wangekuwa waajiriwa, vyombo vipya vingetolewa, nyimbo zingerekodiwa redioni, na bendi ingezunguka mikoani kwenye sherehe za Uhuru. Yangefanyika mashindano hapa Temeke, katika ukumbi wa jumuiya, Jumapili iliyopakana na Sabasaba. Kila bendi ipige nyimbo zake na ionyeshe mtindo wake. Kasimiri alilisoma tangazo, akalikunja, akaniambia kwa upole ambao ulinitisha kuliko angepiga kelele kwamba hii ndiyo ya mwisho. Tukishindwa, magitaa yanarudi kibandani. Mzungu mmoja alikuwa ameshaliona besi la Marselino, akauliza kama mbao ile inaweza kuchongwa ule mti wa watu waliobebana, wenyewe wanauita ujamaa. Kasimiri alikuwa ameshapima kwa macho ni watu wangapi wangetosha. Nilimwona akipima. Nikatoka nje nikalia, halafu nikarudi nikamwambia kwamba akilitia tezo gitaa lile aanze na mimi.

Wakati huo mimba yangu ilikuwa kubwa. Miguu ilikuwa imevimba hata kandambili haziingii. Kwa mazoezi ya mwisho nilikataa kusimama, nikachukua kigoda cha akiba nikakaa mstari mmoja na wanaume, nikawa naimba hivyo hivyo. Walikuwa wakipiga ule wimbo wa Lukuledi. Sasa mtu akikaa na wimbo uko ndani yake, mwili hautulii, unatafuta pa kutokea. Miguu yangu haikutaka. Basi nikaanza kucheza kwa kilichobaki. Bega la kushoto linaondoka polepole, la kulia linalifuata, mbavu zinapanda, kisha mapaja yanapigwa kwa viganja, pa, pa-pa, shingo inatupwa pembeni kama mtu aliyeitwa na asiyetaka kuitika, halafu kiwiliwili chote kinazunguka juu ya kigoda na kurudi. Sikubuni kitu, Kaka. Nilikuwa nacheza tu mchezo wa jikoni kwetu.

Kasimiri aliacha kupiga. Nilidhani ameona uchungu umenishika. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Marselino akabadilisha besi lake, akalipunguza mwendo, akawa anaweka sauti nzito mahali viganja vinapogonga mapaja, na Wilbert akaacha kukimbia na ngoma zake akamfuata. Na hapo ndipo wimbo ule ulipopata uzito wake, baada ya miaka yote ile. Tulikuwa tunaupiga kwa haraka za watu waliosimama wakati sisi tumekaa.

Nyuma ya pazia bangili zikaanza kulia, na safari hii hazikuwa za kicheko. Bi Nunu ana magoti mabovu, hajashuka ngazi ya baraza lake bila kushikwa mkono kwa muda mrefu. Pazia likasogea, nikamwona amekaa kwenye kitanda chake cha kamba, macho amefumba, bega linakwenda na bega linarudi, mapaja anayapiga juu ya kanga. Mzee Hamoud alikuwa amesimama mlangoni na mzani wa duka mkononi, hajui pa kutazama. Bi Nunu alipomaliza alisema neno ambalo Wilbert hulirudia mpaka leo. Alisema, "Mie siku zote nilikuwaga najua dansi ni la wenye magoti. Kumbe nilikuwa nanyimwa bure."

Kasimiri akataka jina la mchezo ule. Mimi nikataja jina, na yeye akasema jina hilo haliwezekani, waamuzi ni watu wa serikali, lazima liwe jina la maendeleo. Tukagombana kuhusu jina mpaka siku yenyewe. Yeye alitaka Mtindo wa Jembe. Jina nililolitaja mimi utalisoma hapo chini, nimekwambia usiruke.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wenzake Wilbert walikuja moja kwa moja kutoka Kurasini, wamebeba magunia tangu alfajiri, wakakaa kwenye mabenchi ya pembeni na viatu wamevua. Pamoja nao alikuwapo Albano, ambaye kasha lilimwangukia mguu kule bandarini. Albano haachi dansi hata moja, na kazi yake dansini ni kushika makoti ya wenzake wanapokwenda kucheza. Bendi zilipiga moja baada ya nyingine. Sayari Jazz walipopanda na Tikisa Paa yao, kaka, sitawasema vibaya, walikuwa moto. Watu walicheza mpaka mashati yakawa ya kukamua. Waamuzi watatu walikuwa mezani mbele, wanatazama uwanja wa kuchezea, wanaandika, maana kipimo kilikuwa ni watu wangapi wamenyanyuka. Sisi tulipangwa mwisho.

Tulipopanda na vigoda vyetu kicheko kilianza mlangoni kikasafiri mpaka mbele. Mtu akapiga kelele kwamba daktari amefika. Uwanja ulikuwa mtupu, watu wote wamerudi kwenye mabenchi kwa uchovu, wanajipepea kwa kofia. Mwendesha shughuli akatuuliza mtindo wetu unaitwaje. Kasimiri akafungua mdomo kusema Jembe, na jasho likamtoka. Wewe unamjua, mbele ya watu wengi ulimi wake huwa unakwenda likizo. Basi nikakivuta kipaza sauti kwangu, nikataja jina langu lile. Kisha nikasema, "Msisimame. Mtindo wetu anayesimama katoka mchezoni."

Wakacheka tena. Besi la Marselino likaingia, zito, polepole. Nikaanza bega. Nitakwambia ukweli, ubeti wa kwanza niliimba nikiona kifo. Uwanja ulikuwa mtupu kabisa, na niliona mwamuzi mmoja akiilaza kalamu yake juu ya karatasi, maana alikuwa hana cha kuhesabu. Halafu nikasikia, pa, pa-pa, na haikutoka jukwaani. Ilitoka kwenye benchi la makuli. Nikatazama. Alikuwa Albano. Makoti yote ya wenzake alikuwa ameyaweka chini sakafuni, na alikuwa anacheza.

Makuli wakamfuata, maana walikuwa wamechoka miguu lakini migongo yao ni migongo ya kazi, inajua kwenda pamoja. Benchi likaanza kulia. La pili likajibu. Akina mama waliokaa na watoto mgongoni wakaingia, wazee waliowasindikiza binti zao wakaingia, na watu wa madirishani wakawa wanapiga mapaja huko huko juu. Ukumbi mzima umekaa na ukumbi mzima unacheza, na katikati uwanja mtupu hauna hata mtu mmoja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wale vijana wa Sayari walisimama mlangoni, na kwa kuwa walikuwa wamesimama ndio peke yao walioonekana wako nje ya dansi. Mmoja wao alitafuta kiti. Nilimwona kwa macho yangu.

Wimbo ulipokwisha waliudai tena, wakaudai tena. Waamuzi walinong'onezana kwa muda, mmoja alikuwa anabisha kwamba kanuni inasema walionyanyuka. Ndipo mama mmoja kati yao, ofisa wa utamaduni, mnene, mwenye miwani, akachukua kipaza sauti. Alisema, "Nilikuwa nahesabu wanaocheza, nikasahau kujihesabu." Akasema na wenzake wawili nao walikuwa wanacheza, ingawa mmoja wao hatakubali. Tukashinda, Kaka Anselmo. Bendi ya Kliniki ilishinda. Marselino alibebwa juu juu na makuli wa Kurasini, lakini gitaa lake waliliacha, walijaribu kulinyanyua wakauona uzito wake.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba shemeji yako bado yuko na lile gitaa, na amepata kazi. Kazi yenyewe ni gitaa. Mkataba umesainiwa, Wilbert ameaga bandarini, na vyombo vipya vimeshafika, vyepesi kama ungo. Tulipovipokea kukawa na mabishano, maana sasa tunaweza kusimama. Kasimiri alilivaa gitaa jipya akasimama nalo uani, akatembea nalo mpaka ukutani akarudi. Kisha akaenda kuchukua kigoda chake akakaa. Akasema amezoea kuona watu uso kwa uso. Lile besi la mpingo halitachongwa watu waliobebana. Liko ukutani dukani kwa Mzee Hamoud, juu ya magunia ya mchele, na watoto wanalipia peremende kulitazama, ingawa Mzee anasema ni bahati mbaya tu kwamba peremende ameziweka hapo.

Sasa nimefika kwenye lile jambo. Kama unamsomea mama kwa sauti, simama kwanza, usome peke yako, halafu umsomee.

Unakumbuka harusi ya binamu yetu Demetria. Najua unakumbuka, na najua hupendi nitaje. Nilikuwa binti mdogo, nimeshika birika la kunawisha wageni. Ngoma ilikuwa imekolea, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako katikati ya watu, unacheza. Ulicheza kwa mabega na kwa mbavu na kwa viganja, kama ulivyokuwa ukicheza jikoni kila mama alipotwanga, kwa sababu ile miguu iliyopooza kwa homa ya utotoni haikukusaidia na wewe hukuingoja. Mimi nilidhani ndivyo wanadamu wote wanavyocheza, maana kabla ya kumwona mtu mwingine akicheza nilikuona wewe. Na yule bwana mwenye kusimamia shughuli akasema mbele ya watu kwamba wenye miguu wajitokeze, na asiye nayo awapishe. Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, na kicheko chako ndicho kilichoniuma. Kisha ukaondoka kwa mikono, taratibu, ukiburuta kigoda. Mimi nilimmwagia yule bwana maji ya birika zima nikachapwa, na ningemmwagia tena leo. Lakini wewe toka siku ile hukucheza. Mama anatwanga na wewe unashona, mabega yametulia kama ya mtu mwingine.

Jina nililolitaja mbele ya ukumbi ule ni lako. Mtindo wetu unaitwa Anselmo.

Watu hawajui Anselmo ni nani. Wengine wanadhani ni neno la Kihispania, kuna bwana mmoja ameeleza gazetini kwamba ni mtindo kutoka visiwa vya mbali. Lakini wanalitaja. Jumapili ukumbi unapiga kelele, Anselmo, Anselmo, mpaka tuanze. Watoto wa mtaa wetu wamepanga matofali wanacheza Anselmo wakitoka shule. Bi Nunu, magoti yakimsumbua, humwambia Mzee amfungulie redio, wimbo wowote ule, acheze Anselmo kidogo. Albano hashiki tena makoti ya mtu. Na mwezi ujao nyimbo tulizorekodi zitaanza kupigwa redioni, na mtangazaji atasema Umande Jazz, mtindo wao Anselmo, na sauti hiyo itafika kwenye redio ya mwenyekiti wenu wa kijiji. Nilitaka uwe umeshajua, usije ukasikia jina lako likitajwa mbele ya watu ukadhani unachekwa tena. Kama umekasirika kwamba sikukuomba ruhusa, kasirika, una haki. Lakini sitalirudisha. Lilikaa kimya miaka mingi mno kwa sababu ya mjinga mmoja mwenye sauti kubwa.

Disemba, kwenye sherehe za Uhuru, bendi inakuja Masasi, na nimewaambia watu wa shirika kwamba hatupiti hapo kwenu Mwena bila kupiga. Wamekubali. Uwanja wa kijiji chenu kipya, mchana, watu wote. Na kuhusu malengelenge ya Kasimiri: alikuwa na kipande kimoja cha mpingo kilichobaki kwenye yale magitaa, akakifanyia kazi wiki nzima bila kuniambia ni cha nini. Ni kigoda. Kitakufikia kwa basi baada ya barua hii, utingo amelalamika uzito nikamwambia avumilie. Naomba usikifanye kiti cha wageni. Hicho ni chombo cha bendi kama vyombo vingine, na kila mwenye chombo ana kazi yake. Kazi ya kigoda hicho ni kuanza. Marselino atakuwa kimya, Wilbert atakuwa kimya, nami nitakuwa na kipaza sauti mkononi sisemi kitu. Tutakungoja wewe ukae, bega la kushoto liondoke. Hata ikituchukua mpaka jua lizame, Umande Jazz haitapiga hata uzi mmoja kabla yako.

Mpe mama mkono wangu, na salamu kwa Demetria na mumewe. Kama yule bwana wa birika bado yuko hai, naye mwambie aje Disemba, tutamtafutia pa kukaa. Mtoto ameamka, anapiga paja langu kwa kiganja, na mimi sijamfundisha.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo,

Yuliana,
mwimbaji wa Umande Jazz, mtindo wa Anselmo.